Santuri za mbwa na gramafoni: yanayosemwa na yaliyokuwa

"HMV ni ya London, basi santuri zake zote zilichapwa Uingereza."
HMV (His Master's Voice, yaani "Sauti ya Bwana Wake") ni lebo yenye picha ya mbwa akisikiliza gramafoni. Kampuni yake, The Gramophone Company, ilianzishwa London mwaka 1898, lakini mashine zilikuwa Hannover, Ujerumani, katika kiwanda cha ukoo wa Emile Berliner, aliyebuni santuri bapa. Mwimbaji wa India Gauhar Jaan alirekodiwa Calcutta mwaka 1902; sauti yake ikapelekwa Hannover kuchapwa, ndipo ikarudi India kuuzwa. Jiwe la msingi la kiwanda cha Hayes, karibu na London, liliwekwa mwaka 1907 na mwimbaji Nellie Melba.

"Deutsche Grammophon ilikuwa mpinzani wake tangu mwanzo."
Walikuwa ndugu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, serikali ya Ujerumani iliikamata Deutsche Grammophon, kampuni ya Hannover, kama mali ya adui, na mwaka 1917 ikauzwa. Hivyo mbwa yuleyule akabaki kwenye lebo za kampuni mbili.

"Kila santuri ilichorwa kwa sindano."
Hili ndilo kosa kubwa. Sindano ilichora mfereji wa sauti mara moja tu, kwenye sahani nene ya nta. Nta ilipakwa unga wa grafiti ili ipitishe umeme, ikazamishwa kwenye beseni la myeyusho wa shaba, na shaba ikajijenga juu yake kama ganda. Ganda likibanduliwa lina matuta palipokuwa na mfereji: huyo ni "baba". Baba humzaa "mama" mwenye mfereji, na mama huzaa muhuri wenye matuta, ambao ndio unaobana santuri. Muhuri ukichakaa sauti hukwaruza. Hutupwa, mama akazaa mwingine.

Kwenye mashine, lebo huwekwa kwanza kifudifudi, kisha donge la moto la malighafi ya santuri, kisha shinikizo. Mvuke hupita ndani ya bamba, halafu maji baridi. Donge lisipoiva vizuri, mfereji haujai. Santuri ikitolewa kabla haijapoa, hupinda. Tundu likikosa katikati, wimbo huyumba, sauti ikipanda na kushuka kila mzunguko.

"Santuri za mizunguko 78 kwa dakika ni plastiki."
Nyingi ni sheleki, utomvu wa wadudu wadogo, ndugu wa lakiri ya kufungia barua. Sehemu kubwa zaidi ya donge ilikuwa unga wa mawe, pamoja na masizi ya kutia weusi. Ndiyo maana ikianguka huvunjika kama kigae.

"Sindano ya chuma hutumika mpaka ikatike."
Ule unga wa mawe huisaga sindano mpaka ilingane na mfereji. Ikifika mwisho wa upande mmoja, ncha imeshakuwa bapa, na wimbo unaofuata ndio utakaokwanguliwa. Sindano moja, upande mmoja. Mwenye santuri za Siti binti Saad, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa lebo ya HMV, asijaribu kubana matumizi hapo.