Kolishiti ni nini, na kwa nini isiwape watu wote saa ileile ya kuripoti

Kolishiti ni ratiba ya siku moja ya kurekodi. Kwa ukurasa mmoja au miwili humweleza kila mtu aripoti wapi, saa ngapi, na sini (vipande vya hadithi) zipi zitarekodiwa kwa mpangilio gani. Huiandaa msaidizi wa mwongozaji, meneja wa uzalishaji huipitisha, na hutumwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, watu wakiwa bado macho.

Saa za kuripoti hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme ni tamthilia inayorekodiwa ufukweni Kibirizi, Kigoma: mchuuzi anapokea dagaa mitumbwi ikitia nanga. Kamera inatakiwa ianze saa 1:15 asubuhi. Kuipanga ni dakika 40, kwa hiyo mpigapicha yupo saa 12:35. Mavazi na mekapu ni dakika 30, kufunga maiki dakika 10, basi mwigizaji awe amefika saa 12:35, na dereva amchukue mtaa wa Mwanga saa 12:15. Wa sini ya pili waje saa 3. Ukiwaita wote alfajiri ili "usisumbuke", nusu yao watakaa mchangani bure, na zamu yao ikifika uchovu unaonekana usoni. Hilo ni kosa la kiongozi, si uvivu wao.

Saa ya jua kuchomoza nayo huandikwa, na hapa ndipo wanaonakili ratiba za Dar es Salaam huumbuka. Kigoma iko karibu digrii 10 magharibi zaidi, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 40. Tena ziwa liko magharibi: asubuhi mwanga unatoka nyuma ya kamera inayotazama maji, jioni unaingia moja kwa moja kwenye lenzi na sura za watu zinakuwa nyeusi.

Na mwezi je? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kwenye mbalamwezi wengi hawaendi ziwani, na sini ya mitumbwi inakosa mitumbwi. Muulize mvuvi kabla ya kupanga tarehe.

Chini ya sini za siku weka sini ya akiba, ya ndani, pamoja na waigizaji wake, hasa miezi ya mvua. Andika pia hospitali ya karibu (mjini hapa, Maweni) na gari litakalobaki eneo la kazi muda wote, na ufunguo anao nani.

Mabadiliko hutolewa na mtu mmoja tu. Mwongozaji akitaka kugeuza mpangilio amwambie msaidizi wake. Akimnong'oneza mpigapicha, mtu wa sauti atakuwa ameshamfunga maiki mwigizaji mwingine. Toleo jipya liandikwe namba na saa lilipotoka, na la zamani lifutwe kwenye kundi la WhatsApp, maana lazima yupo atakayelifuata.

Mapumziko yasipungue saa 10: kazi ikiisha saa 4 usiku, kuripoti kesho kusiwe kabla ya saa 2 asubuhi. Dereva mhesabie peke yake. Kwake siku haiishi kamera ikizimwa, inaisha akishamshusha abiria wa mwisho.