Peni ya fedha ya Waanglo-Saksoni: lini huitwa adimu?

Umri haufanyi sarafu iwe adimu. Peni za Æthelred II (978–1016), mfalme wa Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, zimebaki maelfu, nyingi zikiwa Uswidi, kwa kuwa Waingereza walizitoa kwa wingi ili kuwatuliza Waviking, wavamizi kutoka Skandinavia. Wakusanyaji wakisema "adimu" wanatazama mambo manne kwa pamoja: mfalme, toleo (yaani mchoro uliotumika kwa kipindi fulani), mji na mfua sarafu. Toleo lililojaa sokoni likiwa la London huweza kugombewa likiwa la kimji chenye mfuaji mmoja tu.

Tangu mageuzi ya mfalme Edgar, kama mwaka 973, upande wa mbele una sura na jina la mfalme, na wa nyuma una jina la mfuaji na mji wake. Fedha ikichakachuliwa, mwenye kosa alijulikana.

Kwa hiyo anza na upande wa nyuma. Tafuta kimsalaba kinachoanzisha maandishi, kisha soma kuzunguka kama saa inavyokwenda. GODMAN M-O LVND ni Godman, mfuaji wa London. LINC ni Lincoln, EOF ni York. Wengi hukwama kwenye PINT. Hiyo si P bali herufi ya kale ya sauti ya W, na mji ni Winchester. Ukishapata mji, tazama mchoro: herufi za CRVX zilizotawanywa kwenye pembe nne za msalaba ni toleo la miaka ya 990. Ukiona mwanakondoo mahali pa mfalme na njiwa nyuma, shuku kwanza. Za toleo hilo, la kama mwaka 1009, ni chache mno, na waghushi wanalijua.

Mizani haitoshi kutambua nakala, maana uzito ulishuka hata ndani ya toleo moja. Chukua lenzi ya mara 10. Vitundu vya hewa, herufi zilizolegea na mshono ukingoni ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Peni halisi iligongwa kwa nyundo. Peni mbili zikilingana mchoro, si ajabu. Zikilingana hata nyufa za ukingoni na mikwaruzo ya matumizi, angalau moja ni nakala. Vijialama vya ncha ya kisu si kasoro: Waviking walijaribu fedha hivyo.

Iliyopinda usiinyooshe. Fedha iliyokaa ardhini miaka elfu huwa tete, huvunjika ghafla.