Acheni Kumtoa Bedi Kikosini

Juzi tena, baada ya mazoezi, vijana ninaowafundisha spini, yaani kurusha mpira wa kriketi polepole huku ukizunguka, walikaa chini kupanga kikosi cha magwiji wa zamani cha T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu (ova ni mipira sita). Viv Richards wa kwanza, sawa. Aliyefunga mikimbio 189 (ndizo alama za kriketi) bila kutolewa dhidi ya Uingereza pale Old Trafford mwaka 1984, bila helmeti, hana haja ya kutetewa. Joel Garner na yoka zake, mipira ya kasi inayotua miguuni mwa mpigaji, kutoka kimo cha mita mbili, apite. Nilipomtaja Bishan Bedi, mrushaji spini wa India wa mkono wa kushoto, wakacheka. "Kocha, yule wa polepole? Si kila ova atachapwa mpira uvuke mpaka kwa mikimbio sita!"

Nimechoka kulisikia hili. T20 ilipoanza Uingereza mwaka 2003 wengi walisema hivyohivyo kuhusu spini, na leo kila timu inamsaka Rashid Khan wake, kama yule mrushaji spini wa Afghanistan.

Mpira wa kasi humletea mpigaji nguvu. Akiugusa tu unakimbia mpakani. Wa polepole haumkopeshi chochote. Simama karibu na mrushaji mzuri wa mkono wa kushoto utasikia vidole vikiuachia mpira, kama mtu anayealisha vidole. Unapanda juu ya macho ya mpigaji, naye anatoka kwenye krizi, mstari wake wa usalama, kuufuata. Halafu unadondoka shibiri moja kabla ya pale alipolipangia bati. Shibiri hiyo ndiyo kazi yetu yote. Kipima kasi hakiioni.

Sisi tulishaonja. Kombe la Dunia 1975, pale Headingley, Uingereza, Bedi aliirushia timu ya Afrika Mashariki ova 12: nane hazikutoa hata mkimbio mmoja, na kwa jumla alitoa mikimbio sita tu. Kisha Durban, Afrika Kusini, Kombe la Dunia la Machi 2003, Aasif Karim wa Kenya, mwenye miaka 39, mkono wa kushoto vilevile, akawapa Australia mikimbio saba katika ova 8.2 na kuwatoa Ponting, Lehmann na Hogg.

Najua udhaifu wa ushahidi wangu. Wapigaji wetu wa 1975 hawakuwa wa kiwango cha Bedi. Australia nao walikuwa wakifukuzia mikimbio 175 katika ova 50, hakuna kilichowaharakisha. Bati za leo ni nene, na mpira uliopigwa vibaya, ambao zamani ungeishia mikononi mwa mtu wa mpakani, siku hizi huvuka kamba. Katika ova sita za mwanzo, walinzi wawili tu wa timu inayorusha wakiruhusiwa nje ya duara lililochorwa uwanjani, sina hakika kama ningethubutu kumpa Bedi mpira. Pengine ningemficha.

Lakini ova ya saba, duara likishafunguka, yaani walinzi zaidi wakiruhusiwa nje yake, na mpigaji anahangaikia mikimbio, simpi mwingine. Mlindawiketi, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, asogee karibu na vijiti, mtu mmoja asimame mbali upande wa kulia wa mrushaji, na Bedi aupandishe juu kama alivyozoea.