Maji hayaui jani la vayoleti

Swali lilelile limeniingia tena kwenye simu, safari hii kutoka kwa dada mmoja wa Mbezi. Mvua ya upepo imepiga hadi barazani, majani ya vayoleti yake yamelowa, na anauliza kama mmea ndiyo umeshakufa. Nimemjibu kwa upole, maana kosa si lake. Alionywa na aliyemuuzia, naye muuzaji alionywa na mwingine, na onyo limesambaa hivyo mpaka limekuwa kama sheria: jani la vayoleti likiguswa na maji, kwisha habari yake. Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja. Maji hayaui jani la vayoleti. Kinachoua vayoleti nyingi ni yale watu wanayoyafanya ili jani lisilowe.

Ninayoizungumzia ni vayoleti ya Usambara, Saintpaulia, yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, waridi au meupe. Wataalamu wa mimea waliihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus mwaka 2015, ila vitaluni jina halijabadilika. Inauzwa madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wetu tunaipokea kana kwamba imetoka huko. Ni ua la kwetu. Inaota yenyewe Tanzania na Kenya tu: Usambara, milima mingine ya Tao la Mashariki kama Nguru na Uluguru, vilima vya Taita, na miamba michache ya pwani.

Sasa fikiria Amani, Muheza, juu kule Usambara Mashariki. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na siku isiyo na mvua huwa na ukungu na matone yanayodondoka kutoka matawini. Vayoleti inaishi humo na majani yake yanalowa usiku na mchana. Kama maji yangekuwa sumu kwa jani lile, mmea huu ungeshatoweka kabla Mjerumani hajauona. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Usambara enzi za Wajerumani, ndiye aliyempelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akaupa jina la kitaalamu. Saint Paul aliukuta sehemu mbili: juu msituni, na chini kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga mjini, mahali ambapo hapazidi bahari sana kwa kimo. Kwa hiyo na wale wanaoniambia vayoleti ni ua la baridi la Lushoto wasome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini mabaka yapo, nami siyakatai. Mtu anamwagilia asubuhi, baada ya siku kadhaa anaona pete za njano au nyeupe juu ya jani, zimefuata umbo la tone lenyewe. Ana haki ya kulaumu maji. Ila kilichotenda si unyevu, ni ubaridi. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1940: jani lenye joto likimwagiwa maji yaliyo baridi kuliko lenyewe kwa nyuzi kama 8 au 10 za Selsiasi, seli za tabaka la juu zinaumia papo hapo. Ndani ya kila seli kuna kifuko kikubwa cha majimaji yenye asidi. Ubaridi wa ghafla unapasua utando wa kifuko hicho, asidi inamwagika ndani ya seli, na chembe za kijani zinaharibika. Neno zito hapo ni ghafla. Jani hilohilo likipoa polepole usiku hadi kiwango kilekile halidhuriki. Na baka likishatokea halifutiki, wala haliambukizi. Halihitaji dawa. Nimeona watu wakipulizia dawa ya ukungu mwezi mzima juu ya baka ambalo halikuwa ugonjwa.

Ukilielewa hilo, ushauri unabadilika kulingana na unapoishi, na hapa ndipo maelekezo ya jumla yanaponiudhi. Yameandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako ndani kuna joto la hita na bomba linatoa maji ya karibu kuganda. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji ya bomba ni vuguvugu mwaka mzima. Jani lililo kivulini na maji ya ndoo vina joto linalokaribiana, kwa hiyo mwagilia unavyotaka, hutaona pete. Pwani pete zinakuja kwa njia mbili tu: umemwagilia jani lililokuwa linapigwa na jua dirishani mpaka likachemka, au umetumia maji ya friji. Kwa aliyeko Lushoto, Njombe au Limuru hali ni nyingine. Mwezi wa saba maji ya asubuhi yanauma vidole, na yatalichoma jani pia. Jaza ndoo jioni, iache ndani ya nyumba, mwagilia kesho yake saa nne. Hakuna ufundi mwingine.

Na simtanki la juu ya paa? Saa nane mchana maji yake ya kwanza yanaweza kutoka ya moto kabisa. Yaache yapite kwanza, au subiri jioni.

Swali la pili ninaloulizwa ni hili: kama msituni inanyeshewa kila siku, mbona ya kwangu ilioza katikati baada ya mvua? Hili ni swali zuri, na jibu lake ndilo ningependa kila mwenye vayoleti alijue. Vayoleti ya porini haikai kwenye udongo wa chini wa msitu. Inashika kwenye uso wa mwamba, mara nyingi mwamba uliosimama wima, mizizi ikiwa kwenye kigoga na mabaki machache ya majani yaliyooza. Mmea mzima unaning'inia kwa mshazari. Tone linaloangukia jani linateleza na kwenda zake. Linaloangukia moyoni, pale majani machanga yanapochomoza, linatoka pia. Sisi tunaipanda kwenye kopo, imelala sawasawa, majani yamejipanga duara kama bakuli, na moyo ndiyo kitako cha bakuli. Maji yakituama hapo usiku kucha, hewa haipiti, manyoya ya majani machanga yanayashikilia, na kuoza kunaanza. Hiyo ndiyo hatari ya kweli ya maji ya juu. Haihusu kabisa majani mapana. Inahusu kitovu cha mmea na hewa iliyosimama.

Dawa yake ni ndogo. Ukishamwagilia, inamisha kopo, litikise kidogo, kausha moyo kwa ncha ya kitambaa au puliza kwa mdomo. Mimi makopo mengi nayaegemeza kwa mshazari tangu mwanzo, jiwe dogo chini ya ukingo mmoja. Wateja wanadhani limekaa vibaya na kulinyoosha. Tafadhali msilinyooshe.

Sasa muuaji mwenyewe. Kwa hofu ya kulowesha jani watu wanamwagilia kwa chini: kisahani kinajazwa maji, kopo linawekwa humo. Njia yenyewe si mbaya. Weka maji, acha nusu saa, udongo unyonye, kisha mwaga yaliyobaki. Wengi hawamwagi. Kisahani kinajazwa leo, kinaongezwa kesho, mizizi inakaa ndani ya maji wiki nzima bila hewa. Mizizi ya vayoleti ni myembamba kama uzi na imezoea mwamba, haiwezi kuvumilia hali hiyo. Inaoza. Mizizi ikioza mmea hauna cha kunyweshea majani, kwa hiyo majani yanalegea. Mwenye mmea anaona majani yamelegea, anasema una kiu, anaongeza maji. Mmea unakufa kisahani kikiwa kimejaa, halafu anayelaumiwa ni mtoto aliyerusha matone juu ya majani. Kabla ya kuongeza maji kwenye mmea uliolegea, ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa umelowa, maji siyo unayoyataka. Utoe, kata mizizi ya kahawia inayoteleza, upande upya kwenye udongo mwepesi unaokaribia kukauka. Mizizi ikiwa imekwisha yote, okoa majani mawili matatu uyaoteshe, uachane na shina.

Kuna sababu nyingine ya kumwaga kisahani, nayo ni kubwa kuliko ua. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu, na kisahani cha ua ni mojawapo ya sehemu anazozipenda. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Sioni ua linalostahili kuwekewa bwawa la mbu sebuleni.

Jambo la tatu linalosingiziwa kulowa kwa jani ni chumvi. Visima vingi vya Dar na vya mwambao vina maji ya chumvi, na vayoleti ni dhaifu sana kwa chumvi. Maji yanavukizwa, chumvi inabaki. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, hasa cha udongo wa kufinyanga. Vikonyo vya majani ya chini vinaegemea ukingo ule, vinaungua pale vinapogusa, vinakuwa vyekundu kama kutu na kulainika, jani linaanguka. Kumwagilia kwa chini tu kunazidisha, kwa sababu chumvi inapanda na maji na haina pa kushukia. Kwa hiyo hata anayependa kisahani, kila mwezi apitishe maji mengi safi kutoka juu, yatiririke na kutoka chini ya kopo. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Kinga ndoo moja wakati wa masika na mmea utakuonesha tofauti. Ukingo wa chungu unaweza kuupaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, au tumia kopo la plastiki.

Baada ya yote hayo, ninachowaambia wateja wangu kinawashtua: oshini majani. Vumbi letu haliishi, na manyoya ya jani la vayoleti yanalishika lote. Jani lililofunikwa vumbi halipati mwanga wake, na utitiri hujificha vizuri humo. Chukua maji vuguvugu, inamisha mmea, ziba udongo kwa mkono, miminia majani taratibu yaoshwe pande zote. Kung'uta. Acha kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa, ndipo uurudishe kwenye mwanga. Usisugue kwa kitambaa, manyoya yatakatika.

Mengine kwa haraka. Mwanga: mwingi, usio wa jua kali. Jua la asubuhi hadi saa tatu halina neno. Vikonyo vikirefuka na majani kunyooka juu, pana giza. Majani yakipauka na kubanana katikati, pana jua mno. Udongo: usichote ule mwekundu wa uani, unashikamana. Changanya mboji ya majani iliyochekechwa, nyuzi za makumbi ya nazi, mchanga wa chenga na vipande vya mkaa. Kopo liwe dogo, upana wake theluthi moja ya upana wa mmea. Mbolea ya maji, robo ya kipimo cha kwenye kibandiko. Makapi ya chai juu ya udongo acheni, yanaita vijidudu weusi wanaorukaruka. Kuotesha: kata jani zima na kikonyo chake, bakiza sentimita 3 hivi za kikonyo, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, subiri miezi miwili au mitatu vitoto vichomoze. Ila zile zenye mistari inayotoka katikati ya ua kwenda pembeni hazirudii mistari yake kwa jani. Hizo zioteshwe kwa machipukizi ya ubavuni.

Yapo yanayonitatiza bado. Vitabu vinasema mmea usiochanua una upungufu wa mwanga, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini nina mimea ya jani la mama mmoja, meza moja, udongo mmoja, na mmoja unachanua mfululizo huku jirani yake akigoma msimu mzima. Sina maelezo yanayoniridhisha. Vilevile sijashawishika kuwa vayoleti chotara za dukani, zilizochaguliwa kwa vizazi vingi ndani ya nyumba za Ulaya na Marekani, bado zina ustahimilivu wa bibi zao wa miamba ya Tanga. Januari hadi Machi kwenye joto la pwani zangu zinaangusha matumba, nami nazisogeza kwenye hewa zaidi na kupunguza mbolea, bila kudai kwamba hilo linatibu.

Mwenye bustani na kivuli cha mti wa kudumu anaweza kuipanda nje. Panga mawe kwa mwinuko upande usiopigwa na jua la mchana, jaza nyufa kwa mboji na makumbi, chomeka miche kwa mshazari, umwagilie wakati wa kiangazi. Konokono watakuja, waokote usiku kwa tochi. Miche hiyo nunua kitaluni au omba jani kwa jirani, na muuzaji akikwambia ameing'oa msituni, mwachie. Baadhi ya aina za porini zimebaki kwenye mwamba mmoja au kijisitu kimoja tu. Zile za Taita ziko kwenye misitu midogo mno kule Mbololo. Jani moja kutoka barazani kwa jirani litakupa miche mingi kuliko utakayopata nafasi ya kuipanda.