Kubuti ni nini, na kwa nini kompyuta ya mezani hukwama hapo

Kubuti ni kazi yote inayofanyika tangu ubonyeze swichi hadi Windows ifunguke. BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), huanza kwa kukagua prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi ya picha. Kisha hutafuta diski yenye mfumo na kuiachia kazi. Hapo ndipo kipakizi cha Windows, programu ndogo iliyomo kwenye diski hiyo, huuamsha mfumo wenyewe. Ukijua mashine imekwama hatua ipi, umeshaondoa nusu ya watuhumiwa.

Kioo kikibaki cheusi huku mashine ikilia bipu bipu, diski haijaguswa bado, kwa hiyo kupiga Windows upya ni kupoteza muda. Vumbi la kiangazi cha Arusha na Moshi hupenda kukaa kwenye RAM. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, kisha irudishe mpaka vishikizo vijifunge. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Ujumbe wa "No boot device found" au "Reboot and select proper boot device" ni habari nyingine: ukaguzi umepita, ila BIOS haikuona pa kuanzia. Chomoa flashi zote kwanza. Kwenye steshenari, flashi ya mteja iliyosahaulika nyuma ya mashine inatosha kuleta kizaazaa hiki. Washa tena, ingia kwenye BIOS (Dell ni F2, HP ni F10) uone kama jina la diski lipo. Kama halipo, badilisha kebo ya SATA (ile inayounganisha diski na mazabodi), hamia tundu jingine la mazabodi, kagua na waya wa umeme wa diski. Isipoonekana hata hapo, diski yenyewe ndiyo mgonjwa.

Jina likionekana na bado haibuti, angalia saa ya BIOS. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, imekwisha. Ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3, na maduka ya saa huwa nayo. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, pawa saplai hutoa umeme mdogo unaoipumzisha betri hiyo. Ofisi nyingi huzima ekstensheni kila jioni kwa kuogopa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Tahadhari ni nzuri, ila usiku kucha saa inakula betri peke yake, na kompyuta ya mtumba mara nyingi imekuja na betri iliyochoka tayari.

Kwenye mashine nyingi za zamani, betri ikifa mipangilio nayo hurudi ya kiwandani, na hapa ndipo watu hufuta diski nzima bure. Windows iliyosakinishwa kwa UEFI (njia mpya ya kubuti) haitabuti ikiwa BIOS imerudi Legacy (njia ya zamani). AHCI, RAID na IDE ni namna za mazabodi kuwasiliana na diski: Windows iliyosakinishwa kwa AHCI ikikuta SATA imegeuka RAID au IDE, huweza kutoa kioo cha bluu chenye 0x0000007B. Weka betri mpya, rekebisha tarehe, rudisha mpangilio wa awali, hifadhi kwa F10. Usipoujua wa awali, jaribu kimoja kimoja. Kubadilisha hapo hakufuti faili lolote. Ukiiacha tarehe ya zamani, hata Windows ikiwaka, tovuti nyingi zitakugomea zikidai usalama haupo.

"BOOTMGR is missing" au 0xc000000f inaangukia kwa kipakizi, mara nyingi baada ya umeme kukatika ghafla. Andaa flashi ya Windows ya GB 8, buti nayo, chagua "Repair your computer", fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika bootrec /rebuildbcd. Kwa diski ya Legacy tangulia na bootrec /fixmbr. Diski ikigonga-gonga, acha amri zote: ichomeke kwenye mashine nyingine, nakili mafaili kwanza.