Kibali cha kuingia tena: mstaafu anapotoka Thailand kwa muda

Mgeni mwenye miaka 50 au zaidi anaweza kuishi Thailand kama mstaafu akionyesha kwamba ana fedha za kujikimu. Kwa kawaida huwa ni akiba ya baht 800,000 katika benki ya huko, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Akikubaliwa, uhamiaji humwongezea ruhusa ya kukaa kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha anaiomba tena. Yote haya watu huyaita viza ya ustaafu, na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana viza na ruhusa ya kukaa ni vitu viwili.

Viza hukufikisha mlangoni. Ukishaingia, kinachokuweka nchini ni ruhusa ya kukaa, yaani ile tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti. Ruhusa hiyo hufutika pale unapogongewa muhuri wa kutoka, iwe umebakiza miezi kumi au siku kumi. Aliyevuka kwenda Laos kwa siku mbili amepoteza sawasawa na aliyekwenda kwao kuwaona wajukuu miezi mitatu. Akirudi anapokelewa kama mtalii, na ustaafu wake anauanza upya: viza nyingine, barua za benki upya, na fedha kukaa kwenye akaunti miezi miwili kabla ya kuomba mwaka mwingine.

Kibali cha kuingia tena ndicho kinachoilinda ruhusa hiyo wakati hupo. Unajaza fomu TM.8, unaambatanisha picha na nakala za pasipoti, unalipa. Cha safari moja ni baht 1,000, cha safari nyingi ni baht 3,800. Kwa hesabu tupu, kile cha safari nyingi kinalipa kuanzia safari ya nne. Lakini mimi ningemshauri mtu mwenye wazazi wazee au watoto mbali achukue cha safari nyingi siku ileile anayoongezewa mwaka. Simu ya msiba haingoji ofisi ifunguliwe, na mtu aliyefiwa hapaswi kuwaza fomu. Asiyekuwa nacho na safari imemshukia ghafla, katika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kuna dirisha la kibali hiki baada ya kukabidhi mizigo, kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka. Afike mapema, awe na pesa taslimu. Anayetoka kwa barabara asitegemee kukipata mpakani. Akichukue kwenye ofisi ya uhamiaji ya anakoishi.

Kibali hiki hakiongezi hata siku moja. Tuseme ruhusa yako inaisha tarehe 10 Juni. Ukirudi tarehe 8 Juni, utagongewa hadi tarehe 10 ileile, na una siku mbili za kuomba mwaka mwingine. Ukirudi tarehe 15, kibali nacho kimekwisha, hata kama ni cha safari nyingi, kwa sababu uhai wake umefungwa kwenye ruhusa yenyewe. Maombi ya kuongezewa mwaka hupokelewa tarehe ya mwisho inapokaribia, takriban siku 30 kabla, na lazima uwe ndani ya nchi. Kwa hiyo safari ndefu isipangwe kuizunguka tarehe hiyo.

Wenye viza ya O-A, ile inayotolewa na ubalozi kabla ya kusafiri, wana nafuu mwanzoni. Ikiwa ni ya kuingia mara nyingi, muda wote viza ikiwa hai, kila kuingia huleta ruhusa mpya. Viza yenyewe ikishakwisha muda, nao wanahitaji kibali kama wengine.

Ile taarifa ya makazi ambayo mgeni huwapa uhamiaji kila siku 90, fomu TM.47, ni jambo jingine kabisa. Haikupi ruhusa ya kukaa wala ya kuingia. Ukitoka nchini hesabu yake inafutwa, na ukirudi siku zinaanza kuhesabiwa upya.

Siku ya kurudi, fungua pasipoti kwenye ukurasa wenye kibali, umwonyeshe ofisa kabla hajagonga. Kisha soma muhuri ukiwa bado hapo dirishani. Tarehe iwe ileile ya ruhusa yako ya zamani. Ukiona umepewa siku chache za utalii, sema hapohapo, kabla hujaenda kuchukua mizigo.