Panya, kokeini na kidonge cha kifua kikuu: maswali na majibu

Neno "dawa" kwetu limebeba mizigo miwili, inayotibu na inayolevya. Ili tusichanganyane, inayolevya nitaiita kwa jina lake, kokeini au heroini. "Dawa" ibaki ile ya hospitali.

Mtu ameacha kokeini au heroini mwaka mzima, kisha anarudia. Kumbukumbu inaingiaje hapo?

Arosto huisha. Jasho, kutapika, viungo kuuma, usingizi kukata: kwa heroini makali yake hayazidi sana wiki moja. Kinachobaki ni fundo ambalo ubongo ulilifunga kati ya ile starehe na vitu vilivyokuwa karibu nayo, yaani sindano, karatasi ya foili iliyoungua, uchochoro fulani, hata mlio wa simu ya mtu fulani. Akivikuta tena, moyo unaenda mbio na hamu inapanda kabla hajawaza lolote. Na muda peke yake hautibu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliokatiwa kokeini waliitafuta kwa bidii zaidi baada ya miezi miwili kuliko siku za mwanzo, pale walipowekewa ishara walizozizoea.

Panya hasemi. Wanajuaje kama anakumbuka?

Wanamwachia achague. Chukua sanduku lenye vyumba viwili: kimoja cheusi chenye sakafu laini, kingine cheupe chenye sakafu ya waya. Leo panya anachomwa kokeini na kufungiwa cheusi, kesho anachomwa maji ya chumvi tu na kufungiwa cheupe, hivyo hivyo kwa siku kadhaa. Kisha mlango wa katikati unaachwa wazi, hakuna sindano, na saa inaanza kuhesabu. Panya ananusa huku, ananusa kule, halafu anarudi kukaa cheusi. Dakika anazokaa humo ndizo jibu lake.

Anafundishwaje kuacha?

Anarudishwa chumba kile kile siku baada ya siku, bila kokeini. Taratibu anaacha kukipendelea, na hapo ndipo wengi husema amesahau. Hajasahau. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliliona hili kwa mbwa wake zamani: mate yaliyokuwa yamekoma kutoka kwa ishara ya chakula yalirudi yenyewe mbwa alipopumzishwa. Kumbukumbu ya kwanza iko palepale, ila juu yake imekaa ya pili inayosema "chumba hiki siku hizi hakina kitu". Hiyo ya pili ni changa, tena imeshikamana na mahali ilipofundishwa. Dozi moja ndogo ya kokeini, msongo, au kubadilisha mazingira tu, ya kwanza inaibuka. Ndiyo maana mtu hutulia kabisa akiwa kituo cha tiba, akateleza wiki aliyorudi mtaani. Si uongo wala udhaifu wa tabia. Somo alilifundishwa mahali pengine.

Kwa hiyo kazi ya dawa hapa si kufuta. Ni kuinenepesha kumbukumbu ya pili.

Dawa gani inaweza kufanya hivyo?

Iliyochunguzwa sana ni saikloserini, dawa ya miaka mingi ya kifua kikuu sugu. Mbali na kukabili bakteria, inagusa vipokezi vya NMDA kwenye ubongo, ambavyo ni vya lazima katika kujifunza. Vifikirie kama kufuli ya funguo mbili, kemikali za ubongo ziitwazo glutameti na glisini. Saikloserini hukaa mahali pa glisini, kufuli ikalegea kidogo, na somo linaloendelea wakati huo likashika vizuri zaidi.

Mwaka 2002 ilionekana kuharakisha panya kuacha hofu waliyofundishwa maabara. Mwaka 2004 watu 28 wanaoogopa mahali pa juu walipandishwa lifti ya vioo ya kwenye kompyuta. Waliomeza saikloserini kabla ya mazoezi walipata nafuu kuliko waliomeza kidonge kitupu. Mwaka 2006 ikaja zamu ya kokeini: panya waliopewa saikloserini katika siku za kufundishwa kuacha walikiacha chumba chao upesi zaidi. Unaweza kuwaza furaha iliyokuwepo.

Basi mbona haitumiki kutibu uraibu?

Kwa sababu dawa hii haijui somo lipi ni zuri. Inakoleza lolote lililo jikoni.

Kumbukumbu inapoamshwa, kwa muda mfupi inakuwa laini kama saruji iliyolowana, halafu inaganda upya. Mguse panya na ishara ya kokeini kidogo tu, dakika chache, kisha acha: hajapata nafasi ya kujifunza kwamba kokeini haiji. Umeiamsha tu ile ya zamani, na saikloserini ikiwa mwilini, ile ya zamani ndiyo inayogandishwa kwa nguvu mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliliona hili kwa panya wa kokeini mwaka 2009. Dawa ileile, urefu wa somo ndio uliogeuza matokeo. Katika majaribio madogo ya watu wenye uraibu wa kokeini mambo hayakwenda kama kwa panya, na yapo yaliyoashiria hamu kupanda badala ya kushuka. Binafsi sishangai. Panya ana chumba kimoja cha kusahaulishwa. Mtu ana mji mzima.

Kuna nyingine?

Propranololi, dawa ya presha na moyo, inakwenda njia tofauti: inajaribu kuizuia kumbukumbu iliyoamshwa isigande vizuri. Kwa panya imefanya kazi mara kadhaa. Ni hatari kwa mwenye pumu, kwa hiyo si ya kujaribia nyumbani.

Yohimbini ni kisa cha pekee. Inatokana na gome la mti wa Afrika ya Kati na Magharibi, na huuzwa sana kama kiongeza nguvu za kiume. Kwa panya wa hofu ilisaidia kuacha. Kwa panya wa kokeini ikakwamisha, na katika majaribio mengine iliwarudisha kwenye kuitafuta kokeini. Aliye katika safari ya kuacha ana sababu nzuri ya kusoma lebo ya chupa hizo.

Na bila dawa yoyote?

Jaribio linalonivutia kuliko yote halina kidonge. Mwaka 2012 watafiti wa China waliwaonyesha watu waliokuwa wakitibiwa uraibu wa heroini video ya dakika 5 yenye ishara za heroini, wakasubiri dakika 10, kumbukumbu ikiwa bado laini, ndipo wakaanza mazoezi ya kuzima hamu. Hamu ilipungua hata ilipopimwa siku 184 baadaye. Waliosubirishwa saa 6 badala ya dakika 10 hawakupata faida hiyo.

Nimwombe daktari saikloserini?

Hapana. Haijaidhinishwa kwa uraibu, na inaweza kuleta degedege, sonona na kuchanganyikiwa. Haifai kwa mwenye kifafa wala kwa anayekunywa pombe kwa wingi, na wengi wenye uraibu wa kokeini hunywa pia. Kwa heroini muulize kuhusu methadoni, buprenofini au naltreksoni, ambazo zina ushahidi wa miaka mingi. Kwa kokeini bado hakuna dawa iliyoidhinishwa; kinachosaidia zaidi kwa sasa ni tiba ya mazungumzo na mpango wa kumtunuku mtu kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi.